Ukubwa wa Kioo, Wingi wa Nukta na Uwazi wa Picha

Kioo cha televisheni au cha kompyuta hutajwa dukani kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni ukubwa wake, mathalani inchi 32 au inchi 55. Cha pili ni idadi ya nukta zake, mathalani 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Shule ya sekondari ya Karagwe au Kyerwa inayotaka kununua kioo kimoja kwa ajili ya darasa zima haina budi kuvielewa vipimo hivi, kwani fedha ikishatumika vibaya hairudi, na atakayepata hasara ni mwanafunzi aketiye nyuma.

Picha ya kioo imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli, zilizopangwa safu kwa safu mfano wa nyuzi za mkeka. Kila nukta huonyesha rangi moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jambo lolote lililo dogo kuliko nukta haliwezi kuonyeshwa.

Inchi za kioo hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, na inchi 1 ni sentimita 2.54. Kwa kuwa upana na kimo cha vioo vingi vina uwiano wa 16 kwa 9, kanuni ya Pythagoras yatosha kupata vipimo vilivyobaki. Kioo cha inchi 32 kina upana wa karibu sentimita 71 na kimo cha karibu sentimita 40. Kile cha inchi 55 kina upana wa karibu sentimita 122 na kimo cha karibu sentimita 68. Upana ukigawanywa kwa nukta 1366, kila nukta ya kioo kidogo hupata milimita 0.52. Upana wa kioo kikubwa ukigawanywa kwa nukta 1920, kila nukta hupata milimita 0.63. Hivyo kioo chenye nukta nyingi zaidi ndicho chenye nukta kubwa zaidi, na mtu akikisogelea huona picha yake ni ya kukwaruza.

Lakini jicho nalo lina mpaka wake. Jicho zima hutenganisha vitu viwili ikiwa pembe iliyo kati yao haipungui dakika 1, yaani sehemu 1 ya 60 ya digrii. Katika umbali wa mita 1, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.29. Kwa hiyo nukta za kioo kidogo huungana machoni kuanzia mita 1.8, na za kioo kikubwa kuanzia mita 2.2.

Ichukuliwe sasa kwamba mwanafunzi wa nyuma yuko mita 8 kutoka kwenye kioo. Jicho lake haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko milimita 2.3. Kumnunulia kioo cha inchi 55 chenye nukta 3840 kwa 2160 hakumwongezei chochote. Anachohitaji ni herufi kubwa. Mwaka 1862 Herman Snellen, tabibu wa macho wa Uholanzi, alitunga ubao wa kupimia macho ambao herufi zake za kipimo cha kawaida zina kimo cha dakika 5 za pembe. Katika mita 8, herufi hiyo ni milimita 12 hivi. Huo ni mpaka wa chini. Ili asome bila taabu, inafaa irudufiwe kuwa milimita 24. Nafasi kati ya mistari ikiwa sawa na kimo cha herufi, kioo cha inchi 32 kitabeba mistari 8, na cha inchi 55 mistari 14.

Kuna mpaka wa tatu, nao uko katika picha yenyewe. Setilaiti ya Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, hupiga picha za rangi ambazo kila nukta ni mraba wa mita 30 ardhini. Sentinel-2A, iliyorushwa mwaka 2015, ina nukta za mita 10. Kibanja cha migomba na kahawa chenye mita 30 kwa 30 ni nukta 1 katika picha ya kwanza, na nukta 9 katika ya pili. Picha ya Mto Kagera unaopita mpakani mwa Kyerwa na Rwanda ikikuzwa kwenye kioo bora, nukta zitakua, lakini habari haitaongezeka.

Kanuni hiyohiyo humhusu mkulima. Shina la mgomba wenye mnyauko likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Mkulima akipiga picha kwa simu akiwa mbali, au picha ikipunguzwa wakati wa kutumwa, matone hayo humezwa ndani ya nukta chache, na bwana shamba hatayaona hata akiwa na kioo cha bei gani. Dawa ni kusogea karibu, kwenye mwanga wa kutosha, kabla ya kupiga.

Basi mnunuzi na aanze kwa kupima umbali wa mtazamaji, kisha achague ukubwa, na mwisho nukta.

Zoezi: Wanafunzi wapime umbali kutoka ubaoni hadi dawati la mwisho la darasa lao, wakokotoe kimo cha herufi kinachofaa, kisha wakilinganishe na herufi ambazo mwalimu huandika ubaoni.