Nyumba ya Baraza: Penshurst na Nchiru

Msafiri atokaye mjini Meru kwenda Maua hupita Nchiru, katika nchi ya Tigania. Hapo ndipo ilipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru. Ili tuifahamu vema thamani yake, yafaa kwanza tutazame nyumba nyingine iliyo mbali nayo sana.

Katika jimbo la Kent, Uingereza, ipo nyumba kubwa ya mawe iitwayo Penshurst Place. Ukumbi wake ulijengwa katika karne ya 14 na Sir John de Pulteney, mfanyabiashara tajiri aliyepata kuwa Meya wa London. Mahali pa moto pamo katikati ya sakafu, kama mafiga katika nyumba zetu za zamani. Nyumba za mabwana wa ardhi hazikuwa makao ya starehe tu. Mara nyingi wakulima walikutanika humo kukata mashauri ya mipaka, malisho, urithi wa mashamba na faini. Desturi ya mahali ndiyo iliyokuwa sheria, na wakulima wenyewe ndio walioishuhudia. Polepole mahakama za mfalme zikaitwaa kazi hiyo, na mwaka 1926 umilikaji wa ardhi ulioandikwa katika vitabu vya mabaraza hayo ukakomeshwa. Nyumba zimesalia, na wageni huzizuru, lakini baraza halimo tena.

Nyumba ya Nchiru haikuwa ya bwana mmoja. Heshima yake ilitokana na maneno yaliyosemwa humo. Bwana H. E. Lambert, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, na ambaye pia aliandika juu ya lahaja za Kiswahili, aliitaka serikali iitambue Njuri.

Hata hivyo, heshima haitoshi kuifanya kila amri itiiwe. Mwaka 1956 Njuri ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Kusudi lilikuwa jema, na wazee walikuwa na kauli moja. Lakini wanawake, ambao tangu zamani walikuwa na baraza lao la kusimamia mila hiyo, hawakushirikishwa. Wasichana wengi wakakaidi, wakajikeketa wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Katika muda wa miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa.

Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaruhusu njia za jadi za kusuluhisha magomvi, maadamu hazivunji haki za watu. Na hapo hapo Nchiru pamekuwa na chuo kikuu, kilichopewa hati yake mwaka 2013, ambamo wasichana husoma pamoja na wavulana.

Wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, msomaji. Ila mambo ya mwaka 1956 yatuonya kwamba neno hutengenea pale wazee wanapowasikiliza wale ambao neno lenyewe lawahusu.