Kuku Kulalia Mayai: Hasara Huja Baada ya Kuangua

Katika maboma mengi ya kaunti yetu ya Kilifi, kutoka Rabai hadi Magarini, mambo huenda hivi. Kuku amelalia mayai 12, ameangua vifaranga 10, na watoto wa nyumbani wamefurahi. Mwezi ukiisha, wanaomfuata mama yao uani ni watatu. Wawili walibebwa na kunguru, mmoja alizama kwenye karai la maji, mmoja alikanyagwa, na hao wengine hakuna ajuaye walikokwenda. Mwenye kuku husema ndiyo kawaida ya kuku wa kienyeji.

Ni kawaida kweli, lakini si lazima iwe hivyo. Kuku wakiachwa wajitafutie, nusu ya vifaranga au zaidi hufa kabla ya kufikisha miezi miwili, na wengi wao hufa katika wiki nne za kwanza. Kuku anajua kuangua. Akipewa mayai mazuri na mahali patulivu, kazi hiyo ataifanya bila stima wala fundi. Asichoweza ni kumfukuza kila kunguru, wala kuhakikisha kila kifaranga ameshiba.

Hebu tupige hesabu. Kuku wa kienyeji hutaga kwa takriban wiki tatu, hulalia wiki tatu, kisha hutembea na vifaranga wiki 10 hadi 12 kabla ya kurudi kutaga. Mzunguko huo ni kama wiki 17, yaani mara tatu kwa mwaka. Kila mara wakipona watatu, kuku huyo amekupa kuku tisa mwaka mzima. Ukimtenganisha na vifaranga wakiwa na wiki nne au tano, mzunguko hushuka hadi karibu wiki 13, naye anaweza kuangua mara nne. Wakipona saba kila mara, hao ni kuku 28. Kuku ni yule yule na jogoo ni yule yule.

Mayai yapi, na mangapi

Okota mayai kila siku, uandike tarehe kwa penseli juu ya ganda, na uache yai moja kiotani ili kuku asihame. Yaweke mahali penye kivuli na ubaridi, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Usiyaweke kwenye chumba kinachochomwa na mabati mchana kutwa. Katika joto letu la Pwani, yai lenye mbegu huanza kukua kidogo hata kabla kuku hajalilalia, kisha hufa humo ndani. Chungu kilichowekwa juu ya mchanga wenye unyevunyevu, pembeni mwa nyumba, kinatosha. Yai lililokaa zaidi ya siku 10 lipeleke jikoni. La chini ya siku saba ndilo bora zaidi. Usiyaoshe, maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Lenye uchafu mwingi au ufa usilitumie.

Mayai 10 hadi 12 yanamtosha kuku wa kienyeji wa kawaida, na mdogo wa umbo mpe manane au tisa. Wako wazee wanaoshikilia kwamba idadi lazima iwe witiri. Hakuna ubaya, 11 ni idadi nzuri. Ubaya uko kwenye mayai 16. Kuku huyageuza mayai yake mara nyingi kwa siku, akiyasukuma ya katikati pembeni na ya pembeni katikati. Kwa hiyo yanayozidi hayaharibiki peke yake: kila yai hupata zamu yake ya kukaa nje ya joto, na unaweza kupoteza nusu ya kiota kwa sababu ya mayai manne ya tamaa.

Kuku akianza kukaa kiotani hata usiku, akivimbisha manyoya na kunguruma ukimkaribia, yuko tayari. Mjaribu kwanza kwa siku mbili na mayai usiyoyahitaji. Asipoinuka ovyo, ondoa hayo na umwekee mayai uliyoyachagua yote kwa pamoja, jioni giza likiingia. Ukimwekea moja leo na mawili kesho, vifaranga watatoka siku tofauti, naye atainuka na wale wa kwanza na kuwaacha wengine wafe ndani ya ganda.

Kwa wale waliochukua kuku walioboreshwa wa KALRO: aina hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya kutaga, na wengi wao hawalalii vizuri. Mayai yao mpe kuku wako wa kienyeji aliyezoea kuangua. Yakiwa makubwa kuliko yake, punguza idadi.

Na kuku asiyetakiwa kulalia? Wengi humtumbukiza kwenye maji au kumfunga mguu siku nzima bila chakula. Hilo humtesa tu, na kurudi kutaga huchelewa zaidi. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya fito au waya, pasipo nyasi wala kona ya giza, akiwa na chakula na maji ya kutosha. Kwa kawaida baada ya siku tatu au nne hamu humtoka.

Siku 21

Kiota kiwe mahali penye giza kidogo, mbali na kelele na kuku wengine. Boksi la mbao au kikapu kipana hufaa: chini weka mchanga, juu yake nyasi kavu. Nyunyiza majivu, majani makavu ya mwarobaini nayo hutumiwa sana hapa kwetu. Kabla ya kumkalisha, mkague kuku chini ya mabawa na kuzunguka kichwa. Viroboto, chawa na utitiri humnyonya kuku asiyetoka kiotani hadi akayakimbia mayai, na vifaranga wakitoka huwahamia wao. Dawa ya unga ya kuwaua hupatikana agroveti. Mpake wiki moja kabla, si siku ya kuangua. Kiota kikiwa juu ya miguu ya mbao, isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu ili siafu wasipande.

Chakula na maji viwe hatua chache tu kutoka kiotani. Huinuka mara moja kwa siku, akala, akanywa, akajisaidia, akarudi. Mahindi mazima ni chakula kizuri kwake wakati huu kwa sababu hukaa tumboni muda mrefu.

Siku ya saba mulika mayai usiku. Kunja karatasi ngumu iwe bomba, weka tochi upande mmoja na yai upande wa pili. Lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama utando wa buibui. Linalong'aa lote halina mbegu, na lenye duara jekundu tu limekufa. Yatoe hayo kabla hayajaoza na kupasukia mengine. Rudia siku ya 14. Hapa ndipo mwenye kuku wawili waliokalishwa siku moja hufaidika: yakibaki mayai sita kwa huyu na matano kwa yule, yote mpe mmoja, na mwingine apumzike.

Kuanzia siku ya 18 usiyaguse. Kifaranga anayechelewa kutoka usimmenyee ganda. Mara nyingi damu na kiini bado havijaingia mwilini, na ukimvuta atatokwa damu. Wala usiwe na haraka ya kuwalisha. Kiini alichobaki nacho tumboni kinamtosha kwa siku mbili hivi, na ndiyo maana mama huweza kungoja walio nyuma. Mayai ambayo hayajaanguliwa siku ya 23 yatupe.

Wiki nne za kufungiwa

Hapa ndipo tunapowapoteza. Vifaranga wa siku mbili hutolewa uani na mama yao, naye huwazungusha mchana kutwa kwenye jua na umande akitafuta mchwa. Aliyechoka huachwa nyuma, na kunguru wenye shingo ya kijivu walioenea Pwani nzima wanakaa juu ya mwembe wakingoja huyo huyo.

Wafungie pamoja na mama yao kwa wiki nne. Si lazima ujenge banda. Tenga kubwa lililofunikwa hutosha mchana, mradi liwe kivulini, na usiku liingizwe ndani mahali ambapo nguchiro, paka, panya na nyoka hawafiki. Sakafu iwe kavu wakati wote. Wakati wa mvua za masika, baridi na unyevu huua vifaranga wengi kuliko kunguru.

Ukifungia lazima ulishe, na gharama hii ndiyo huwafanya wengi wasite. Lakini kifaranga hula kidogo sana wiki za kwanza. Chakula cha vifaranga cha dukani ndicho kamili. Pesa zikikosekana, changanya chenga za mahindi, pumba na dagaa waliosagwa, na uongeze mchwa na mboga za majani zilizokatwakatwa. Chakula chao kiweke ndani ya kizuizi cha fito chenye nafasi wanazopita wao tu, la sivyo mama atakimaliza. Maji yawe kwenye kisahani chenye vijiwe ndani ili asizame mtu, na yabadilishwe tena saa sita mchana.

Kuku wawili wakiangua usiku mmoja, mmoja anaweza kulea vifaranga wote, hata 20. Waingize chini ya mabawa yake gizani, siku hiyo hiyo au kesho yake. Akishawazoea wake, wageni huwadonoa. Yule mwingine alishwe vizuri, na baada ya wiki chache atakuwa anataga.

Wakifikisha wiki nne au tano na manyoya yameota vizuri, mtoe mama jioni na uwaache vifaranga pale pale walipopazoea. Watalia siku mbili tatu.

Chanjo ya kideri

Yote haya yanaweza kufutwa na kideri ndani ya wiki moja. Ugonjwa huo hauna tiba. Kuna chanjo tu. Wachanje kuku wakubwa kabla ya kuwakalisha, kwa kuwa kinga yao hupita kwenye yai na kumlinda kifaranga kwa muda mfupi. Vifaranga wachanjwe wakiwa na wiki tatu hivi, kisha warudiwe kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekwisha kuugua hafaidiki na chanjo. Kuku aliyerudi sokoni bila kuuzwa, au aliyeletwa zawadi, akae peke yake wiki mbili kwanza. Muulize pia afisa wa mifugo kuhusu chanjo ya ndui ya kuku, inayosambazwa na mbu.

Chupa moja ya chanjo kwa kawaida huchanja kuku wengi kuliko wa boma moja, na ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Kwa hiyo kubalianeni siku na majirani, mhesabu kuku wenu wote pamoja na vifaranga, kisha mpeleke idadi hiyo kwa afisa wa mifugo wa wadi yenu. Siku ya chanjo msiwafungulie kuku asubuhi, na anayetumwa kuichukua abebe chupa ya chai au kasha lenye barafu.