SIKU YA KWANZA KLINIKI YA WAJAWAZITO

Najua wapo watakaosoma kichwa cha makala haya waanze kucheka chini ya dawati. Chekeni, lakini msome. Hapa Baba Dogo ni nadra kupata ploti isiyokuwa na mama mjamzito, na hata kwa wasichana wa rika letu mambo haya hutokea, tukajua, tukanyamaza. Msichana huificha mimba chini ya sweta mpaka mwezi wa tano au wa sita, si ati kliniki iko mbali, ila hajui atafanywa nini huko. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mengi niliyaona nilipomsindikiza dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa, na mengine nilimuuliza sista na mwalimu wetu wa Bayolojia.

Kwanza, mtu aende lini? Zamani Shirika la Afya Duniani lilisema mama ahudhurie kliniki angalau mara 4. Mwaka 2016 likabadilisha, zikawa mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Haraka hiyo ina maana. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga mnamo siku ya 28 tangu mimba kutungwa, yaani wakati wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Kaswende nayo, ikigunduliwa mapema, hutibiwa kwa sindano ya penisilini kabla haijamdhuru mtoto. Anayengoja mpaka tumbo lionekane atasaidiwa, lakini mengine yatakuwa yameshampita.

Siku hiyo beba kitu cha kutia tumboni, maana ndiyo ndefu kuliko zote. Utajiandikisha, utapanga foleni, kisha uitwe chumbani. Hapo maswali ndiyo mengi: una miaka mingapi, umewahi kushika mimba kabla, una ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu, kwenu kuna pacha, unatumia dawa gani, hata za mitishamba, unavuta sigara au kunywa pombe. Mengine ni ya ndani zaidi, kama vile kuna mtu anayekupiga nyumbani. Usijibu hivi hivi tu ili uondoke haraka.

Swali moja lilinichekesha, nami kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili sina budi kulieleza. Sista aliuliza, "Mama, mwezi wako wa mwisho uliuona lini?" Dada akajibu, "Machi." Sista akatabasamu, "Tarehe, mama." Kumbe kuona mwezi ni kupata hedhi, na wao hutaka siku ya kwanza kabisa ya hedhi ya mwisho. Wakishaipata huongeza siku 7 na miezi 9. Kama ilikuwa tarehe 10 Machi, mtoto hutarajiwa tarehe 17 Desemba. Ni makadirio tu, watoto wachache huzaliwa siku hiyohiyo. Wasichana wenzangu, kuandika tarehe hizo kwenye daftari kila mwezi si ushamba.

Baada ya maswali ni vipimo. Utapimwa uzito na urefu, na mkono wa juu utazungushiwa ukanda kuona kama unakula vya kutosha. Kisha shinikizo la damu: likifika 140 kwa 90 wataanza kulifuatilia. Utapewa kichupa uende chooni ulete "choo kidogo", ambacho maabara huitwa mkojo, ili waangalie protini, sukari na maambukizi. Wengi huogopa ati watavuliwa nguo zote. Dada alilala kitandani nyuma ya pazia, akapandisha blauzi, sista akampapasa tumbo, basi. Alitaka kusikia moyo wa mtoto, akaambiwa kile kipembe cha kusikilizia hakifai sana kabla ya wiki ya 20 hivi, asubiri.

Halafu damu, na hapa ndipo mioyo hudunda. Hutazamwa wingi wake (chini ya gramu 11 ni upungufu), kundi lake, kaswende, homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Kundi la damu lina jambo lake. Kama mama ni Resasi hasi na mtoto ni chanya, mwili wa mama waweza kutengeneza askari watakaoshambulia damu ya mtoto wa baadaye, na ipo sindano ya kuzuia hayo.

Kuhusu UKIMWI nitasema wazi. Bila matibabu, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akimeza dawa sawasawa, hupungua chini ya 5. Kwa hiyo kupimwa si kutafutwa makosa. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inamruhusu msichana mjamzito wa chini ya miaka 18 akubali mwenyewe kupimwa virusi hivyo, na majibu ni siri yake.

Kabla ya kutoka utadungwa sindano ya pepopunda na kupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, kimoja kila siku. Vitakufanya uende choo cheusi, usishtuke. Usivimeze na chai, kwa maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. (Waambie hayo watu wa mtaa huu wanaokunywa chai asubuhi, mchana na usiku!) Mke wa binamu yetu aliye Busia alipewa pia dawa ya kuzuia malaria. Hapa Nairobi hawaitoi hivyo, hutolewa maeneo ya ziwa na pwani.

Utapewa kijitabu cha mama na mtoto, utakachokibeba kila mara, na baadaye mtoto atapimwa nacho hadi miaka 5. Ndani yake mna dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, homa, mtoto kuacha kucheza. Ukiona mojawapo usingoje tarehe ya kliniki, hata iwe usiku.

Kuhusu malipo, NHIF iliondoka na SHA ikachukua nafasi yake Oktoba 2024, hivyo ni afadhali kujiandikisha mapema. Na mwanafunzi anayeogopa kwamba kuonekana kliniki ni kuaga darasa ajue kuwa serikali iliruhusu wasichana kurudi shuleni baada ya kujifungua tangu mwaka 1994, na mwongozo mpya ukatolewa mwaka 2020. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkatalia.