Ndui ya Mbuzi: Jina Hudanganya

Usilolijua ni usiku wa giza. Likizo iliyopita mbuzi watatu wa nyanya walishikwa na homa, wakatoka vipele mdomoni na chini ya mkia. Wawili wakafa. Nyanya akaniuliza, "Wewe msomi, hii ndui ni ya mbuzi ama ya kondoo?" Nikabaki kimya, aibu tele!

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia. Kumbe virusi vya ndui ya kondoo, vya ndui ya mbuzi na vya mapele ngozi ya ng'ombe ni ndugu watatu. Kila kimoja kina uzi wa DNA wenye herufi kama 150,000, na katika kila herufi 100, zipatazo 96 au 97 zinalingana. Lakini jeni tisa zilizo nzima katika kile cha ng'ombe zimeharibika katika hivyo viwili vingine.

Kwa macho tu, ndui ya mbuzi na ya kondoo hazitofautiki. Hapa Kenya kirusi kilichotolewa kwa kondoo kilifanywa chanjo, KSGP O-240. Jeni zilipochunguzwa baadaye, lo! Kilikuwa kile cha ng'ombe. Chanjo hiyo huwakinga kondoo na mbuzi, ila ng'ombe yaweza kuwadhuru.

Basi nyanya, jibu limo katika jeni, si katika jina la mnyama. Tumwite daktari wa mifugo mapema, kabla ya kuchanja chochote.