Somo: Mtoto ajifunze kwa vitu anavyovijua



Tunapokimbia vita, vitabu na madaftari hubaki nyuma. Lakini masomo ya shule ya msingi yanaweza kuendelea hapa tulipo, tena yakampendeza mtoto.

Hesabu: Watoto wetu huchota maji kila siku. Tuwaulize: familia ya watu 6, kila mmoja akihitaji lita 15 kwa siku, itachota bidoni ngapi za lita 20? Jumla ni lita 90. Bidoni 4 hazitoshi, zinahitajika 5. Hapo mtoto amezidisha na kugawanya, na anaona faida yake.

Sayansi: Sisi tunaoishi kandokando ya Goma na Sake tunaijua mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini karibu na volkano. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya mashimoni na mabondeni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona mahali ambapo mtoto aliyeinama anakufa. Mtoto aliyeelewa sababu hii hatashuka shimoni kufuata mpira.

Tuwaweke watoto wa vijiji na makabila mbalimbali katika kikundi kimoja. Wanaotafuta jibu pamoja huzoeana, na amani huanzia hapo.

Maswali ya kuzungumzia:
1. Ni kazi gani ya nyumbani inayoweza kuwa somo?
2. Katika mtaa wetu, mashimo ya hatari yako wapi, na nani atawaonyesha watoto?