Likizo ya Desemba na mtoto anayengojewa



Shule zimefungwa, mvua zimeshika, na watoto wamejaa uani tangu asubuhi. Kwa familia nyingi za Gungu, Mwanga na Ujiji huu ni mwezi wa kupeleka kitambaa kwa fundi, wa kuweka akiba ya mchele, na wa kupanga nani atakwenda Kasulu kuwaona wazee. Lakini zipo familia ambazo mwezi huu zina jambo jingine rohoni. Wamempokea mtoto asiye wa tumbo lao, wanamlea, wanampenda, na wanangoja mahakama iwaambie kama ni wao. Tungependa mwezi huu kuzungumza na familia hizo, hasa zile ambazo tayari zina watoto wadogo nyumbani.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Kwetu mtu hulea mtoto wa dada yake, wa kaka yake au wa jirani aliyefariki bila kwenda popote. Kwa hiyo wengi huuliza: mahakama ya nini? Jibu ni kwamba kulea na kuasili ni vitu viwili. Mtoto unayemlea tu anaweza kuchukuliwa siku yoyote na ndugu anayetokea, na ukifa hana haki katika mali yako kama walivyo wenzake. Mtoto aliyeasiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 anakuwa mtoto wako kama uliyemzaa, na haki za urithi anazo. Mwombaji asiye ndugu wa mtoto anatakiwa awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Kabla ya hapo mtoto hukaa na waombaji kwa miezi mfululizo, na afisa ustawi wa jamii huitembelea nyumba na kuandika taarifa yake. Kipindi hicho kwa Kiswahili cha serikali huitwa malezi ya kambo. Jina hilo si zuri sana masikioni, maana sisi tukisikia “kambo” tunamkumbuka mama wa kambo wa kwenye hadithi. Tusilitumie mbele ya watoto.

Sasa, Mahakama Kuu huwa na likizo yake kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 31 Januari. Mashauri ya dharura husikilizwa, lakini mengine husubiri mpaka mwaka wa mahakama uanze upya mwezi wa Februari, baada ya Siku ya Sheria. Maana yake ni kwamba familia ambayo shauri lake halikumalizika kabla ya katikati ya Desemba itakaa wiki sita au zaidi bila kusikia neno. Na wiki hizo ndizo zile ambazo watoto wote wako nyumbani, wageni wanaingia na kutoka, na kila mgeni ana swali. Wiki sita kwa mtu mzima ni kungoja. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu ni sehemu kubwa ya maisha anayoyakumbuka. Hatuwezi kumwambia angoje kuwa na mama mpaka Februari.

Tuchukulie familia moja ya Gungu yenye msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Mwezi wa Oktoba wameletewa mvulana wa miaka miwili na nusu kutoka makao ya watoto. Siku moja yule wa saba anauliza akiwa anachambua dagaa na mama yake:

“Mama, huyu ni mdogo wetu kabisa, au atarudishwa?”

Wazazi wengi hapa hukosea, na hukosea kwa upendo. Mmoja husema, “Ni wenu kabisa, haendi popote.” Mwingine husema, “Nyamaza, hayo ni ya wakubwa.” La kwanza ni ahadi ambayo mzazi hana uwezo wa kuitimiza, kwa sababu jaji hajasema. La pili humwacha mtoto atunge jibu lake mwenyewe, na jibu la mtoto huwa la kutisha kuliko ukweli. Anaweza kufikiri kwamba watoto hurudishwa wakikosea, na kwamba hata yeye anaweza kurudishwa. Mwambieni hivi: “Sisi tunamtaka abaki, na tumeomba abaki. Mtu anayeamua ni jaji, na sasa jaji yuko likizo kama wewe. Leo yuko nasi, na leo ni mdogo wako. Wewe ulizaliwa hapa na hakuna anayeamua juu yako.” Sentensi hiyo ya mwisho msiisahau. Mara nyingi ndiyo aliyokuwa akiiuliza.

Yule wa miaka minne hatauliza. Yeye ataanza tena kukojoa kitandani, au atataka kulishwa uji kwa kijiko, au atamfinya mgeni mkiwa mmegeuka. Huo si ukorofi. Amenyang'anywa nafasi ya kitinda mimba bila kuulizwa. Baba ampe nusu saa yake peke yake kila siku, hata kama ni kwenda naye dukani kununua chumvi na kurudi. Tena asilazimishwe kugawa kila kitu. Kikombe chake kibaki chake.

Na huyu mdogo aliyeletwa? Wazazi wengi hushangaa kwamba hana shida. Anakwenda kwa kila mtu, anapakatwa na yeyote, halii mama akitoka. Wageni husifu: “Mtoto mzuri huyu, hana makuu.” Wauguzi tunalitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Mtoto aliyelelewa na walezi wengi wa zamu hujifunza kwamba watu hupita, basi humkumbatia yeyote aliyepo. Kulia mama anapotoka ni dalili ya afya, na familia ikingoja vizuri, siku moja kilio hicho kitakuja. Mkisikie kwa furaha.

Jambo hili limechunguzwa. Kuanzia mwaka 2000 wataalamu walifuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao ya watoto mjini Bucharest, nchini Romania. Nusu yao walipelekwa kwa kura katika familia za kulea, nusu nyingine wakabaki katika utaratibu wa kawaida wa nchi. Waliopelekwa kwenye familia waliendelea vizuri zaidi kwa akili na kwa moyo, na waliofaidika zaidi kwa jumla ni wale waliopata familia kabla ya kutimiza karibu miaka miwili. Hatusemi hivyo kuwalaumu walezi wa makao yetu, wanaofanya kazi kubwa kwa mikono michache. Tunasema ili mzazi ajue kwamba anachofanya sasa, kabla ya hati, ndiyo dawa yenyewe.

Kwa hiyo katika likizo hii kazi tatu zifanywe na mama na baba tu: kumlisha, kumwogesha, na kumlaza. Hapa itabidi kusema na bibi. Kwetu mtoto ni wa wote, na bibi aliyesafiri kutoka Kasulu hataelewa kwa nini ananyimwa kumlisha mjukuu. Mwelezeni kwa heshima kabla hajafika: “Mama, tunaomba utusaidie. Huyu bado anajifunza nani ni mama yake. Mcheze naye, mwimbie, lakini akitaka kula au kulala, mlete kwetu.” Bibi akishirikishwa hivyo huwa mlinzi mkali kuliko ninyi.

Msishangae mkikuta kipande cha ugali chini ya mto. Mtoto aliyezoea chakula cha saa maalumu na cha kipimo huficha. Asichapwe wala asichekwe. Ndizi moja au kipande cha kiazi kiwekwe kwenye bakuli lenye kifuniko mahali anapofikia mwenyewe, na ajue kwamba kipo. Polepole ataacha.

Siku yenyewe ya Noeli msimjaze. Tumbo lililozoea uji na maharage likipewa pilau, nyama ya mafuta na soda kwa siku moja litaharisha. Apewe wali kidogo, samaki aliyeondolewa miiba, na mchicha uliopikwa kwa mawese yetu mekundu, ambayo yana vitamini A kwa wingi. Akiharisha, apewe maji ya chumvichumvi ya paketi yaliyochanganywa na lita moja ya maji safi, aendelee kula, na apate vidonge vya zinki kituoni. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama wageni ni wengi na mkaa ni ghali. Wanaokumbuka wakimbizi wa Burundi waliojaa Kagunga mwezi Mei 2015 wanajua kipindupindu kilivyozuka pale kwa siku chache tu.

Malaria ndiyo hatari kubwa zaidi ya mwezi huu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017, mkoa wa Kigoma ulikuwa na karibu mtoto mmoja kati ya wanne mwenye vimelea, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine. Wageni wakija watoto hubanwa wanne chini ya chandarua kimoja, na mara nyingi yule mpya ndiye anayesukumwa pembeni. Mtoto anayelala ameegemea chandarua huumwa na mbu kupitia matundu yake. Mpeni nafasi ya katikati, au apate chandarua chake. Akipata homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, si baada ya sikukuu. Akipata degedege, akilegea, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa, ni dharura, hata kama ni usiku wa mkesha. Kituo cha Afya Gungu kipo, na Hospitali ya Maweni ipo.

Mkienda kituoni, nendeni na kadi ya kliniki na barua ya ustawi wa jamii inayoonyesha kwamba mtoto yuko mikononi mwenu. Ziwekeni pamoja katika mfuko mmoja wa nailoni, mvua isiziguse. Tazameni kama alipata chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Desemba, kama Juni, ni mwezi wa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na dawa ya minyoo kwa waliotimiza mwaka mmoja. Angalieni kwanza asije akawa amekwisha kupewa alikotoka. Kama mtoto yuko katika dawa za kila siku, hesabuni dozi zilizobaki kabla ya tarehe 20 na mkachukue nyingine mapema, kwa maana sikukuu zikifuatana huduma hupungua. Na dawa hizo ni za nini, hiyo ni siri ya mtoto. Hata jumuiya haihitaji kujua.

Siri hiyo inahusu pia simu. Siku ya Noeli kila mtu anapiga picha. Picha ya mtoto ambaye shauri lake halijaamuliwa isizungushwe kwenye magrupu, tena pamoja na maneno “mtoto wetu tuliyemtoa makao.” Atakuja kuisoma akiwa na miaka kumi na tano. Vivyo hivyo mgeni akiuliza mbele yake, “Huyu ni wa nani?” jibuni, “Ni wa hapa,” kisha mkaribisheni chai. Watoto wote watatu washonewe kitambaa kimoja. Na kama mnataka kusafiri naye nje ya mji, mwulizeni kwanza afisa ustawi.

Sasa tuseme lile ambalo hakuna anayependa kulisema. Inawezekana asibaki. Katika miezi hii anaweza kutokea baba mdogo au shangazi mwenye uwezo na nia ya kumlea, na sheria itamsikiliza. Mkoa wetu una watu wanaolijua jambo hili: familia za wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu zimewalea watoto waliopoteana na wazazi wao, huku ndugu wakitafutwa upande wa pili wa ziwa. Wengine waliwalea miaka, kisha ndugu akapatikana. Je, ilikuwa afadhali wasiwapende? Mtoto aliyewahi kuwa na mtu wake hubeba uwezo wa kumpenda mwingine. Aliyenyimwa kwa tahadhari hana cha kubeba.

Kwa hiyo anzeni leo kumwekea daftari dogo. Andikeni siku alipofika, uzito wake siku hiyo, jino lililotoka, neno la kwanza alilolisema kwa Kiha kwa kumwiga bibi, wimbo unaomlaza. Bandikeni picha moja ya watoto watatu katika nguo za kitambaa kimoja. Yule wa miaka saba anaweza kuandika mwenyewe, ndiyo iwe kazi yake ya likizo. Jaji akisema ndiyo, daftari litakuwa lake hapo nyumbani. Akisema vinginevyo, liwekwe juu kabisa katika begi lake, na shangazi aonyeshwe ukurasa wenye jina la wimbo.