Wakumbukeni Waliotutangulia
Somo la familia: Waebrania 13:7



Andiko letu linatuagiza tuwakumbuke waliotufundisha Neno, tuangalie walivyomaliza safari yao, kisha tuige imani yao. Lakini hatuwezi kumkumbuka mtu tusiyejua habari zake. Ndiyo sababu tunahimizana kusoma vitabu vya maisha ya watumishi wa Mungu. Tutazame faida tatu.

1. Tunajifunza kwamba mlango ukifungwa, wito haujaisha. Daktari Paul White alisomea udaktari hapa hapa Sydney. Mwaka 1938 alikwenda Tanganyika na mkewe, akahudumu katika hospitali ya misheni ya Mvumi, karibu na Dodoma. Mwaka 1941 mkewe aliugua, wakalazimika kurudi Australia. Kibinadamu, kazi ilikuwa imekatika. Lakini alianza kusimulia habari za Mvumi redioni na vitabuni, na vitabu vyake vya Jungle Doctor vikatafsiriwa katika lugha nyingi. Wengi wetu tulikuwa walimu, wauguzi na wahubiri nyumbani. Leo vyeti viko sandukuni na usiku tunasafisha ofisi za watu. Tusiseme Mungu ametuweka kando.

2. Watoto wetu wanajua kwamba Injili ni yao pia. Mtoto aliyekulia Blacktown anaweza kudhani imani hii ni ya Wazungu, sisi tumeazima tu. Msomeeni habari za Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga, Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, akafungwa, kisha akarudi palepale. Chifu Tabaro, aliyempinga, baadaye alibatizwa. Apolo alifariki Boga mwaka 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kuonyesha kwamba kazi bado inaendelea.

3. Tunapata nguvu wakati wa msiba. Sisi tunaohudumu wodini tunasikia swali hili mara nyingi: "Nimemkosea nini Mungu?" Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosine, na binti yao mchanga. Hakukosa imani, wala hakukosa machozi. Aliendelea, na ni miongoni mwa watu wa kwanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, lugha tunayoombea leo.

Angalizo. Watumishi hawa ni binadamu, wana mapungufu yao. Biblia yenyewe haikuficha dhambi ya Daudi. Kitabu kinachomsifu mtu tu, bila kumtukuza Mungu, tukisome kwa uangalifu. Wala kisichukue nafasi ya Neno.

Tufanye nini wiki hii? Jioni moja tuweke simu pembeni, tusome au tusimulie habari za mtumishi mmoja kwa dakika 15. Wasioelewa Kiswahili vizuri wasaidiwe, wasiachwe nyuma. Tena wako mashujaa wasio na kitabu: bibi aliyetuombea, mwinjilisti aliyekuja kijijini kwa baiskeli. Mpigieni simu mzee aliyebaki nyumbani, aulizwe, na majibu yaandikwe. Wazee wakiondoka, habari hizo huondoka nao.

Maswali ya kujadili nyumbani
- Ni nani aliyetuletea Injili katika ukoo wetu?
- Ni mlango gani umefungwa kwetu hapa Sydney, na Mungu anatuonyesha upi mwingine?

Bwana atupe neema ya kufuata nyayo zao. Amina.